Mutsuko Aliyekuwa Kaskazini

Majirani zetu, walimu na wapishi wa shule, na ninyi mliobadilisha treni mara kadhaa mpaka kufika hapa Kuji, mimi ni Eisaku, mdogo wa marehemu, na familia za Osanai na Sawaguchi zimenisimamisha mbele yenu niwasomee maisha ya dada yetu Mutsuko, ambaye majivu yake yako hapo chini ya picha, na katika picha hiyo amevaa aproni nyeupe ya jikoni kwa sababu yeye mwenyewe alitukataza kuweka ile ya ulingoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1965 hapa hapa Kuji, mkoani Iwate, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu mzee Sawaguchi Tomekichi na marehemu mama Fusa, na wengi wenu mnakumbuka kwamba baba kila ikiingia baridi alikwenda Tokyo kuchimba mahandaki ya reli, na mama alipasua ngisi kiwandani, hata mikono yake ilikuwa baridi majira yote ya mwaka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya chini hadi Machi 1980, ambako alirusha tufe mbali kuliko mvulana yeyote, na jioni za mieleka ya wanawake alisimama nje ya duka la kinyozi akitazama televisheni kupitia dirishani, mpaka siku moja kinyozi akatoka na mkasi mkononi akamwambia, "Ingia ndani wewe, pua yako inanichafulia kioo." Alipomaliza shule akasema nyumbani kwamba anakwenda Tokyo kuwa mwanamieleka, baba akaweka chini bakuli la wali na kuuliza, "Mtoto wa kike anayeangushwa mbele za watu, nani atakuja kumposa?" naye akajibu, "Baba, wanaoangushwa ni wale wengine." Mama alicheka, na baba alipoona mama amecheka akalichukua tena bakuli lake.

Mwezi Aprili 1980, akiwa na miaka kumi na tano, alipokelewa katika bweni la kampuni ya mieleka jijini Tokyo, akapewa kitanda cha juu, na kitanda cha chini kilikuwa cha msichana wa rika lake aitwaye Hagino Yayoi, aliyetoka Tobata, huko kusini kabisa kwenye kisiwa cha Kyushu. Wote wawili walikuwa Wajapani lakini hawakuelewana, kwa kuwa kila mmoja alisema lahaja ya kwao, na Yayoi alizoea kumwambia, "Wewe unaongea nini? Fungua mdomo basi!" na Mutsuko akamjibu, "Kwetu tukifungua mdomo theluji inaingia." Walifua nguo za dada zao wakubwa wa ulingoni, wakapika, wakasugua choo, wakafundishwa kuanguka asubuhi mpaka mgongo ukawa mweusi, na kati ya wasichana walioingia mwaka ule wengi walitoroka kabla ya kiangazi kwisha, lakini wao walibaki, kila mmoja akiona aibu kuondoka kabla ya mwenzake.

Walipanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwaka 1981, wakapigwa na kila mtu kwa miaka miwili, hadi Mei 1983, huko Nagoya, dada wawili waliotakiwa kupigana pamoja walipougua, na mkurugenzi wa kampuni, Bwana Kuramochi, akawaona wamekaa wanakula mikate akasema, "Nyie wawili, wa kusini na wa kaskazini, vaeni." Hivyo ndivyo ilivyozaliwa timu ya Nanboku, yaani Kusini na Kaskazini, timu ambayo wengine humu ndani walikuwa na picha yake ukutani. Yayoi alikuwa mwepesi, hupanda juu ya kona na kuruka hadi nje ya kamba, na Mutsuko, mwenye mabega ya kurusha tufe, kazi yake ilikuwa kusimama chini na kumdaka Yayoi kila adui alipokwepa, na kabla ya kila mruko Yayoi alitupa jicho chini na Mutsuko akamwambia, "Ruka, nipo."

Tarehe 26 Agosti 1984, Osaka, walitwaa mkanda wa ubingwa wa timu za wawili, na kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo marehemu mwenyewe alisema hakuwahi kuielewa, wasichana wa shule walijaa kumbi wakalia kwa sauti kama wamefiwa, wakatupa riboni nyekundu na buluu mpaka ulingo haukuonekana, wakawaimbisha wimbo ukauzwa madukani ilhali Mutsuko hana sauti hata ya kubembelezea mtoto. Alipokuja nyumbani kwa mwaka mpya, baba alikuwa amemweka mezani ngisi wa kuchoma, akamkaribisha kwa kusema, "Karibu bingwa," nasi tukajifanya hatumwoni baba anafuta macho. Miaka minne walikula sahani moja, wakalala kwenye basi moja, mmoja akiegemea bega la mwingine, na Yayoi alikuja Kuji mara mbili, akamwita mama yetu Mama.

Mwaka 1988 kumbi zilianza kupungua watu, na siku moja katika mwezi wa Julai Bwana Kuramochi aliwaita ofisini akawaambia, "Watu wamechoka kuwaona mnapendana, sasa wanataka kuwaona mnachukiana," akamwonyesha Yayoi kidole kwamba ndiye atakayegeuka mbaya, na Yayoi akasema, "Sawa." Neno hilo moja marehemu alilisimulia hadi mwisho wa maisha yake. Kwenye basi alimwuliza, "Umekubali haraka hivyo, mwenzangu?" na Yayoi, akiangalia dirishani, akamjibu, "Mutsu, tuna miaka ishirini na tatu, wakitufikisha ishirini na tano watatuondoa wote, unataka tuondoke tumeshikana mikono halafu asitukumbuke mtu?" Mutsuko akasema kwamba yeye angependa kuondoka hivyo hasa. Usiku wa safari ile kila mmoja alikaa kiti chake.

Wanaoijua mieleka wanajua kwamba mshindi hupangwa, lakini kuanguka hakupangiki. Tarehe 21 Agosti 1988, katika ukumbi mmoja wa Yokohama, ilipangwa kwamba Yayoi apande kona na kuruka, na Mutsuko, aliyekuwa amesimama katikati, ageuze bega apokee pigo na aanguke chali kama walivyokubaliana, lakini Yayoi aliporuka alitupa jicho chini kama alivyozoea, na Mutsuko, ambaye kwa miaka mitano mwili wake ulikuwa umejifunza jambo moja tu, badala ya kugeuza bega alinyoosha mikono yote miwili kumdaka. Goti lilimpata shingoni. Alianguka macho yakiwa wazi, akiisikia mikono yake kama mikono ya mtu mwingine, na Yayoi, ambaye hakujua, akamlalia, mwamuzi akahesabu, ukumbi ukapasuka kwa mayowe, kisha Yayoi akaweka buti juu ya kifua chake kama alivyoagizwa, akachukua kipaza sauti na kusema, "Huyu nimembeba miaka mitano, leo nimetua mzigo!" Marehemu alikuwa anamtazama kutoka chini, akijaribu kumwambia kitu, na kipaza sauti kilikuwa kwa Yayoi.

Alifanyiwa upasuaji wa shingo, na siku mbili baadaye Yayoi alifika hospitali akiwa na kikapu cha matikiti, nyuma yake watu wa kampuni na wapiga picha, mama yetu akatoka akasimama mlangoni na kusema, "Mwanangu amelala, na hao wenye kamera waondoke." Yayoi akawafukuza wapiga picha, akabaki peke yake, akasema, "Mama, naomba nimwone hata kidogo tu." Mama akamjibu, "Ulimwona Yokohama, inatosha," akafunga mlango. Yayoi aliinama pale kwenye korido muda mrefu, kisha akaondoka na matikiti yake, naye hakurudi. Lakini Mutsuko hakuwa amelala, alisikia kila neno, na sauti alikuwa nayo, na miaka mingi baadaye mumewe alipomwuliza kwa nini hakumwita, alijibu, "Nilitaka asukume mlango." Wala yeye hakumlaumu mama, alijua mama ni mama, lakini kila ulipofunguka mlango wa wodi ile aligeuza macho, kwani shingo haikugeuka, na kila mara aliyeingia alikuwa mtu mwingine.

Tarehe 12 Machi 1989 kampuni ilimuaga rasmi, akasimama katikati ya ulingo amevaa kola ya shingoni, kengele ikagongwa mara kumi kama ilivyo desturi, na Yayoi, ambaye sasa alikuwa na mkanda wake mwenyewe, siku hiyo alikuwa na pambano Sapporo.

Alirudi Kuji, na kuanzia Aprili 1991 aliajiriwa kupika chakula cha wanafunzi katika jiko la shule, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba, mkono wa kulia ukiwa dhaifu hata akashika upawa kwa kushoto, na watoto walipomwambia, "Shangazi, tuonyeshe ulivyokuwa unapigana," aliwaongezea mchuzi akasema, "Kuleni kwanza." Tarehe 10 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Bwana Osanai Kazuhiko, fundi wa njia ya reli, mtu ambaye hakuwahi kutazama mieleka, na marehemu alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo sababu alimkubali, na tarehe 3 Juni 1996 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Chinami.

Yayoi aliondolewa na kampuni alipotimiza miaka ishirini na tano, akahamia kampuni ndogo, kisha nyingine ndogo zaidi, na tarehe 14 Oktoba 2007 alikuja kupigana Hachinohe, si mbali na hapa Kuji, katika ukumbi wa mazoezi wenye viti vitupu zaidi ya watu, na marehemu akaenda na Chinami, amevaa barakoa na kofia, akakaa nyuma kabisa. Alimwona mwenzake amenenepa, magoti yamefungwa bandeji, anapanda kona polepole akishikilia kamba huku adui akilala chini kumsubiri kwa adabu, na kabla ya kuruka akatupa jicho chini, upande usiokuwa na mtu. Chinami alisema, "Mama, si uende ukamsalimie, yuko pale anauza picha zake." Marehemu akajibu, "Nikamwambie nini, habari za magoti, naye aniulize habari za shingo?" Wakarudi nyumbani, na siku tatu hakutaka mtu aongee naye.

Mwaka 2018 shingo ilianza kumbana mishipa, akaacha kazi, mikono ikafa kwanza, kisha miguu, na tangu Februari 2022 hakuinuka tena kitandani, alilishwa, aligeuzwa, na alitazama dari, mtu ambaye nchi nzima iliwahi kumwona akiinua watu wawili kwa pamoja. Ndipo Chinami, bila kumwuliza mama yake, akamtafuta Yayoi, yaani Bi Hagino, kule Kawasaki anakoishi peke yake, akamwambia, "Shangazi, njoo, hana muda," na tarehe 8 Oktoba mwaka huu wa 2023 Bi Hagino akafika, akitembea kwa fimbo.

Sisi tuliokuwa nje ya chumba tulingoja kusikia kilio, lakini tulisikia mazungumzo ya watu wa kawaida, wali wa bwenini uliokuwa ukiungua, dada fulani aliyekuwa akikoroma, bei ya nyumba Kawasaki, baridi ya mwaka huu imewahi, na baada ya saa moja Bi Hagino alitoka akasema, "Haya, Mutsu, tutaonana," na marehemu akajibu, "Safari njema." Chinami alipoingia alimkuta mama yake anatazama dari, macho makavu, akamwambia, "Nilimwekea maneno miaka thelathini na mitano, Chinami, na nikaishia kumwuliza treni yake ni saa ngapi." Chinami akasema, "Nimpigie arudi? Hajafika stesheni bado." Akajibu, "Muache, magoti yanamuuma." Tangu siku ile hakumtaja tena, akawa hageuzi macho mtu akiingia, chakula akakikataa kwa upole, homa ya mapafu ikampata, na tarehe 30 Oktoba 2023 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa waliokuja nyumbani kwenye theluji, inawashukuru majirani waliotuletea chakula bila kugonga mlango, wafanyakazi wenzake wa jikoni waliokuwa wakija kumchana nywele, na mafundi wa reli wenzake Kazuhiko waliochukua zamu zake.

Tunamshukuru pia Bi Hagino Yayoi, aliyekaa pale nyuma. Alifika jana akitaka kumwona uso, kwani kwao kusini marehemu huagwa kwanza ndipo achomwe, na huku kwetu tunatangulia kuchoma, hatukukumbuka kumwambia wala yeye hakujua kuuliza, akakuta chungu cha majivu. Alituuliza kama Mutsuko alimwachia neno lolote, na jana sisi wote tulitazama chini, basi tunamjibu leo mbele yenu kwamba aliyoyasema dada yetu ni hayo niliyoyasoma, na zaidi ya hayo hakuacha neno.

Mutsuko, pumzika. Amani uliyoikosa ukiwa nasi, uipate huko.