Mhandisi wa Zege Jepesi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi. Waliomjua utotoni wanamkumbuka kwa ubishi: akiambiwa jambo aliuliza kwa nini, akijibiwa aliuliza tena.

Alisoma shule aliyofundisha mama yake, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1972 alihitimu uhandisi wa ujenzi, msichana pekee darasani. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumwandikia kwenye ripoti: "Ana akili. Apunguze maswali." Hakupunguza.

Aliajiriwa idara ya ujenzi, na mwaka 1979 alikabidhiwa hospitali ambayo wodi yake ya wazazi ilikuwa imefurika. Wajawazito walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Kiwanja kilikuwa kimekwisha. Ilibaki kupanda juu. Lakini jengo lilikaa kwenye udongo laini, na ghorofa ya zege la kawaida ingeulemea msingi. Marehemu alipendekeza zege jepesi, linalotumia kokoto za udongo uliochomwa tanurini ukavimba na kujaa vitundu kama mkate. Wakubwa walikubali shingo upande: sakafu ikishindwa, mradi ungefungwa.

Kokoto hizo hunywa maji, kwa hiyo aliagiza zilowekwe siku moja kabla ya kuchanganywa. Msimamizi wa mafundi, kijana mcheshi waliyemwita Koleo, aliangua kicheko.

"Kokoto nazo zinaogeshwa, dada mhandisi? Tulete na sabuni?"

"Leta na taulo," alijibu Marehemu, akaenda zake kwenye kikao.

Hazikulowekwa. Zege likaanza kukauka kabla halijasambazwa, mafundi wakaliongezea maji kwa mpira. Vipande vya majaribio vilipominywa maabara vilipasuka mapema mno, na Marehemu akaamuru sehemu yote iliyomwagwa ibomolewe. Mganga mkuu alikuja juu.

"Nani kafanya haya?"

Koleo aliinamisha kichwa. Marehemu akamtangulia: "Mimi. Nilitoa amri bila kueleza sababu. Nipe nafasi moja tu."

Alipewa. Kesho yake aliwakusanya mafundi, akatia kokoto kavu ndani ya bilauri ya maji na kuzizamisha kwa kijiko. Mapovu yakapanda.

"Mnaona zinavyokunywa? Zisiposhiba hapa, zitakunywa maji ya zege lenu."

"Kumbe zina kiu kutushinda sisi," Koleo alisema. "Na zikishakunywa, tunazikausha au tunazitia hivyo hivyo?"

Akaelezwa. Sakafu ilimwagwa upya, ikapita vipimo vyote, na wodi ya juu ikafunguliwa Juni 1980. Tangu hapo Marehemu hakuanza kazi na mafundi wapya bila kuwaonyesha kwanza kokoto ndani ya maji.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na Koleo. Mama yake alipouliza kwa nini huyo, alijibu: "Ndiye fundi wa kwanza aliyeniuliza swali la pili." Watoto wao wote watatu walizaliwa kwenye wodi ile ya juu. Alistaafu mwaka 2003, akafundisha chuo cha ufundi kwa miaka mingine kumi, na wanafunzi wake wamejenga nyumba ambazo hakupata kuziona.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Hakumeza kidonge asichoelezwa kazi yake; daktari wake anasema alijifunza kufika na majibu tayari. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja, ambaye bado anabishana naye. Wauguzi wa wodi ya wazazi walitaka kuja wote kumsindikiza. Wametuma wawili na kuomba radhi kwa niaba ya wengine: vitanda vya juu vimejaa, na kuna watoto wanaokaribia kuzaliwa.

Kazi yake ingali imesimama imara. Yeye sasa apumzike, kwa amani.