Mwalimu Lazaro Amnaay, Aliyejengewa Bweni Akiwa Mgonjwa

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu na wanafunzi, wahitimu mliotoka mbali, wazee wetu wa Ngorongoro, na ninyi majirani wa Endabash ambao mmekaa nasi msibani siku zote hizi, familia ya mzee Yohani Amnaay inawasalimu, na kwa niaba yake mdogo wa marehemu, Wilibrodi, anasoma maisha ya kaka yake kama yalivyokuwa, bila kupunguza, kwa kuwa marehemu mwenyewe alipunguza vya kutosha.

Marehemu Mwalimu Lazaro Yohani Amnaay alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1966, hapa hapa Endabash, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba, katika nyumba ya tembe ambayo ng'ombe walilala upande mmoja na watoto upande wa pili. Alibatizwa mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, na waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mtoto mkimya, mbishi kimyakimya, wa aina ile ambayo ukimkataza jambo anaitikia vizuri kisha anakwenda kulifanya.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akafaulu, akajiunga na shule ya sekondari ya misheni Mbulu mwaka 1981 na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1984, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima akichunga na kulima ili wadogo zake nao wavae sare, na mwaka 1986 akaenda chuo cha ualimu mkoani Singida, ambako alitunukiwa cheti cha daraja la tatu A mwezi Mei 1988.

Tarehe 1 Julai 1988 aliripoti kazini huko kwenye milima ya Loliondo, akiwa na sanduku moja la bati na bila neno hata moja la Kimasai, na lugha hiyo alifundishwa na watoto wa darasa la kwanza, ambao walimcheka kila siku mpaka wakachoka kumcheka, na hapo ndipo wakajua kwamba ameiweza. Alihamishiwa tarafa ya Ngorongoro mwezi Januari 1995, akafundisha huko miaka kumi, na mwaka 2005 aliacha kazi ya serikali, jambo ambalo ndugu wengi walimshangaa nalo, akajiunga na Shule ya Msingi Lambo la Juu, shule ya binafsi iliyoanzishwa na wazazi wa kijiji cha Qurus, huku Karatu, ikiwa na madarasa mawili na choo kimoja. Hapo alifundisha Hisabati hadi siku alipoanguka, miaka ishirini kamili, na alifanya kazi bega kwa bega na Mwalimu Selina, ambaye naye alikuwepo tangu siku ya kwanza akiwapokea watoto wa darasa la kwanza.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Penina siku ya Jumamosi, tarehe 22 Juni 1996, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Leonida, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1997, ambaye sasa ni muuguzi, na Patrisi, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 2001, ambaye anaongoza watalii. Kama baba alikuwa mpole nyumbani na mkali kwenye daftari, na watoto wake wote wawili wanakiri kwamba walipata alama ndogo kwake kuliko kwa mwalimu mwingine yeyote.

Kila mwezi Januari, kabla shule haijafunguliwa, marehemu alipanda hadi geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, akapita, akatembea boma kwa boma kuwaomba wazazi wamkabidhi watoto, hasa wa kike, na wazazi walimkabidhi kwa sababu walimjua tangu alipokuwa mwalimu wao. Tatizo ni kwamba Lambo la Juu haikuwa na bweni la wasichana, hivyo watoto wale walipangiwa vyumba mitaani, wanne wanne, wakijipikia na kujilea wenyewe. Mwezi Julai 2011, baridi ilipokuwa kali, wasichana wa chumba kimoja walifunga mlango na dirisha wakaingiza ndani jiko la mkaa ili wapate joto, na asubuhi mmoja wao hakuamka. Alikuwa binti wa mzee Kisioki, na jina lake hatutalitaja hapa, kwa kuheshimu desturi ya baba yake, aliyekaa nasi leo, ya kutolitaja jina la mtoto aliyekwishaondoka.

Marehemu ndiye aliyeupeleka mwili ule Ngorongoro, akasimama mbele ya boma akitegemea kupigwa, na angepigwa asingejitetea, lakini mzee Kisioki hakuinua fimbo, na mwezi uliofuata akashuka Qurus kwa miguu akiwa na mtamba, akamkabidhi marehemu, akasema bado ana mabinti wawili wadogo na bado anataka wasome. Wamasai waliopo wanajua maana yake, na kwa wengine tunaeleza, kwamba mtu akimpa mwenzake mtamba, kuanzia siku hiyo wawili hao huacha kuitana majina yao na kuitana Paashe, na waliofikia kuitana hivyo hawafichani shida, kwa sababu anayemficha Paashe wake ni sawa na kumwambia kwamba yule mtamba hakupokelewa. Tangu mwaka huo marehemu alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni bweni, na aliyekwenda kwake kuzungumza mvua au mpira alirudi amezungumza bweni.

Mwezi Machi 2022 wahitimu wa Lambo la Juu walianzisha utaratibu mzuri, ambao familia inausifu bila kinyongo, kwamba kila aliyepita shuleni hapo atoe mchango kwa heshima ya mwalimu aliyempenda, na jina la mwalimu huyo liandikwe pamoja na mchango. Zikaja tripu za mawe na mchanga, saruji, bati na nondo, madereva wa watalii wakaleta madirisha, wauguzi wakaleta magodoro, wafugaji wakaleta ng'ombe, na karibu kila karatasi iliyofunguliwa ilikuwa imeandikwa jina la Lazaro, hata kamati ikaamua kwamba yote yajenge bweni la wasichana na bweni liitwe kwa jina lake. Siku alipoambiwa, alitoka nje ya ofisi akasimama nyuma ya stoo, na Mwalimu Selina aliyemfuata alimkuta analia.

Ugonjwa nao ulianza mwaka uliofuata, mwezi Juni 2023, kwa presha na uchovu, na tarehe 8 Agosti madaktari wa Arusha walimweleza kwamba figo zake zimeharibika na kwamba lazima asafishwe damu kwa mashine mara tatu kila wiki. Bima yake ilikuwa imesimama tangu shule ilipoyumba kipindi cha korona ikashindwa kuchangia, naye hakuwa ameidai, kwa hiyo aliuza shamba lake la ngwara, zao la jamii ya maharage, akaanza kwenda mara mbili kwa wiki, akiaga shuleni kwamba anafuata vitanda vya bweni, na sisi ndugu zake tuliamini, tena tulimtania kwamba vitanda hivyo vinachongwa mbinguni. Mwaka uliofuata akawa anakwenda mara moja kwa wiki, na mwezi Novemba 2024 akaacha kabisa.

Hapa familia inaomba isikilizwe kwa makini, maana kuna maneno yamesemwa tangu Ijumaa juu ya mjane. Penina alijua, na alimwomba mumewe awaambie wahitimu, alimwomba kwa machozi, akapiga magoti, na jibu la marehemu lilikuwa, "Wakijua naumwa, mawe yote yale yatanifuata mimi hospitalini, na bweni litabaki msingi, na watoto watarudi kwenye vile vyumba na jiko lao." Akamwapisha mbele ya Biblia asimwambie mtu. Mwenye lawama aipeleke kwa marehemu, au ailete kwa Wilibrodi huyu anayesoma, aliyekaa meza moja na kaka yake Pasaka nzima bila kuona kitu, lakini Penina aachwe amwomboleze mumewe.

Bweni lilizinduliwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, na wengi wenu mlikuwepo. Mtakumbuka kwamba uso wake ulikuwa umejaa, na miguu imejaa, na sisi sote, wenye macho yetu, tukasema Mwalimu amenawiri, sasa anakula vizuri, ana mwili wa kibosi, na yeye akacheka pamoja nasi. Viatu vilikuwa vimemkataa, akavaa makubadhi ya matairi, na mkamshangilia kwamba amekuwa Mmasai kamili. Alisimama juani kwa muda wa karibu saa nne akipigwa picha na kila darasa lililomaliza tangu mwaka 2006, na hakuna aliyemletea kiti, kwa sababu hakuna anayemletea kiti mtu aliyenawiri.

Mwalimu Selina peke yake ndiye aliyetazama chini, akamvuta nyuma ya jengo, akabonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale halirudi. Marehemu alimsihi anyamaze mpaka wasichana waingie bwenini, naye akanyamaza. Mzee Kisioki naye alikuwepo siku hiyo, alikuwa ameleta mtamba mwingine kwa heshima ya marehemu, akamuuliza mara mbili mbona sauti yako imekuwa ndogo, na mara zote mbili akajibiwa, "Tuko salama, Paashe."

Shule ilifunguliwa tarehe 13 Januari 2025, wasichana arobaini na wanane wakalala bwenini, na marehemu aliwahesabu kitanda kwa kitanda. Jumatano tarehe 29 Januari, kipindi cha tatu, alianguka ubaoni mbele ya darasa la sita, akakimbizwa hospitali Karatu na jioni hiyo akapelekwa Arusha. Leonida alivunja kiapo cha mama yake kwa kumpigia mzee Kisioki simu, naye alifika tarehe 5 Februari, akiwa amekwishapakia ng'ombe kumi na mmoja kwenye lori kuwapeleka mnadani, akakaa kitandani pa rafiki yake akamuuliza, "Paashe, ng'ombe wangu ulidhani ni wa nani?" Madaktari walisema mashine ilikuwa tayari lakini moyo hauwezi tena kuibeba, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Mwalimu Lazaro alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mjane, watoto wawili na ndugu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Karatu na Arusha, ambao walimpokea akiwa amechelewa na hawakumlaumu. Inawashukuru majirani wa Endabash kwa kuni, maji na chakula, inawashukuru walimu na wanafunzi wa Lambo la Juu, na wahitimu, ambao mliyoyatoa mliyatoa kwa upendo, na familia inajua hivyo, na haitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani alimuua Mwalimu kwa kumheshimu. Shukrani za pekee ni kwa mzee Kisioki, ambaye hakuna neno la Kiswahili wala la Kiiraqw linalomtosha.

Lipo jambo la mwisho. Tumeambiwa kwamba wahitimu wameanza kuchangia kaburi la marumaru. Familia imekaa, imekubaliana, na inasema hapana, marehemu atawekewa msalaba wa mbao. Tarehe 4 Februari, akiwa bado anaweza kuongea, marehemu alimwita mdogo wake huyu anayesoma akamwambia kwamba Mwalimu Selina ana kisukari, na ana kidonda unyayoni kinachokaribia miezi mitano, anakifunga kitambaa ndani ya soksi na kuingia darasani, akisubiri watoto wake wa darasa la kwanza wajue kusoma ndipo aende kutibiwa. Akasema, "Kwangu mlinyamazishwa, kwake msikubali." Jana Mwalimu Selina aliombwa ruhusa ili jambo hili lisomwe, akakataa, akasema leo ni siku ya Lazaro, na limesomwa hivyohivyo.

Yeye yuko hapa, safu ya tatu, mwenye kitenge cha bluu, na anatutazama kwa hasira. Tunaomba msimpigie makofi wala msimwandikie jina ukutani. Lile gari lililomleta marehemu kutoka Arusha linarudi leo saa kumi, nyuma sasa kuna nafasi, Leonida atakaa naye njiani, hospitalini wameshaarifiwa, mliyochanga kwa marumaru tunaomba yawe ya matibabu yake, na wahitimu wawili wenye nguvu wanaombwa wasogee sasa wamsaidie kusimama, maana peke yake hawezi.

Pumzika, Mwalimu Lazaro, katika udongo wa Endabash, na Mungu akupe amani ambayo hukutaka tukutafutie.