Mjukuu Wangu Hakuwa Mlafi

Akina mama wenzangu, mimi niliishia darasa la nne, na hili ninalolieleza mwenyewe sijalielewa lote. Nivumilieni.

Mjukuu wangu alizaliwa mdogo kama watoto wengine. Kufika mwaka mmoja, shingo haionekani. Hapa Mikumi mkanipongeza: "Bibi, unajua kulea." Nami nikafurahi. Kufika miaka mitatu akitembea anahema, na njaa haimwachi. Anamaliza ugali, analilia ugali.

Nikasema mama yake anamlisha kwa siri. Ndugu zangu, nawaambia, nilimfungia mkwe wangu mzigo majirani wakitazama, nikamrudisha kwao Rudewa. Mtoto nikabaki naye. Nikamtoa kwenye sinia la wenzake, chakula nikakifungia.

Asubuhi moja nikamkuta bandani anakula pumba za kuku kwa viganja viwili. Nikamchapa. Hakukimbia. Alilia huku anatafuna.

Nikaitupa fimbo. Mlafi gani anakula pumba?

Tukaanzia hospitali ya Kilosa, wakatuandikia rufaa ya Morogoro. Damu ikapelekwa mbali, tukangoja miezi. Daktari, binti mdogo tu, akaniamkia, akasema, "Bibi, mwilini mwake taarifa ya kushiba haifiki. Tumbo limejaa, kichwa hakijui. Kazaliwa hivyo, na wenye hali hii ni wachache sana."

"Kairithi kwa mama yake?"

"Nusu kwa mama, nusu kwa baba."

"Mwanangu? Yule mwembamba vile?"

"Anaibeba bila kuugua. Huenda hata wewe unayo."

Nilitoka nimechanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia. Nibebe kitu miaka yote hii nisikijue?

Nikaenda Rudewa. Mkwe wangu alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniambia, "Shikamoo mama," lakini mikono haikusimama.

"Marahaba. Nilikusingizia. Rudi, mtoto anakulilia."

"Nitarudi kwa ajili ya mtoto. Ila ulinifukuza mbele za watu, mama. Unisafishe mbele za watu."

Amerudi. Dawa ya kumponya mtoto hatujaipata. Chakula bado nakifungia, daktari kaagiza, lakini fimbo nimeacha, na anakula na wenzake. Nawashukuru nyie mliopalilia shamba langu nilipokuwa Morogoro, na nesi aliyesisitiza tusikate tamaa. Mtoto akinenepa hivi na njaa haiishi, mpelekeni apimwe kabla hamjamtafuta wa kumlaumu. Msimcheke, na msimpe maandazi kwa kumhurumia.

Mkwe wangu amekaa pale nyuma. Hakumlisha mtoto kwa siri hata siku moja. Mwongo nilikuwa mimi.