Sikio la Fundi Mukhwana

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya ushirika hapa Mowlem, Nairobi, Fundi Wycliffe Mukhwana anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Alibakiwa na miaka miwili ya kazi. Ameamua kuiacha, na wanachama wanastahili kujua sababu.

Alijiunga nasi mwaka 1994 akitoka kiwanda cha misumari, akaanza kwa kuziba pancha za baiskeli za wauza mkate. Baiskeli za mbio zilipoanza kuletwa, ni yeye aliyejifunza seti za gia, yaani mnyororo, magurudumu ya meno, breki na kile kifaa kinachouhamisha mnyororo. Tangu hapo ikawa desturi: hakuna baiskeli iliyotoka kabla Mukhwana hajaitundika kwenye ndoano, akafumba macho, akazungusha pedali na kusikiliza. Gia iliyokaa sawa hunong'ona, alitufundisha. Skrubu ikipungua nusu mzunguko tu, hugonga kama ukucha mezani.

Wateja walimjia na swali lile lile: je, seti ghali inastahili bei yake? Hakuchoka kulijibu. Shimano ya Wajapani, alisema, ina vipuri vinavyopatikana upesi. Campagnolo ya Waitaliano ni tamu mkononi, lakini kipuri kikipotea utangoja sana. SRAM ya Wamarekani ina seti zinazobadilisha gia bila waya, mradi ukumbuke kuchaji betri. Ukitoka gredi ya chini kwenda ya katikati unanunua kazi bora. Ukitoka ya katikati kwenda ya juu unanunua wepesi na sifa. Bwana Kimani wa Donholm alipong'ang'ania gredi ya juu ili apunguze gramu mia mbili, Mukhwana alimwambia, "Huo ni uzito wa simu yako tu, na bado hujaiacha nyumbani." Kimani alicheka, akachukua ya katikati. Anaiendesha hadi leo.

Qamar Abukar wa Eastleigh, mwanamke anayeshiriki mashindano, alipata ushauri huo huo: chukua ya katikati, akiba iwe nauli ya kwenda mbioni. Mwezi Machi mwaka huu Mukhwana aliisikiliza baiskeli yake na kuipitisha. Siku ya pili, Qamar akipanda mlima wa Ngong, mnyororo uliruka ukaingia kwenye spoki. Alianguka, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, akakosa msimu mzima.

Kaka yake, Magan, alikuja karakanani na baiskeli. Hakupaza sauti. "Mzee, tungenunua ile ghali, dada yangu angekuwa mzima."

Sisi wenzake tulinyamaza, na si kwa heshima. Kuilaumu gia ya bei nafuu kungetuponya sote. Mukhwana aliitundika baiskeli, akamwomba fundi mwenzetu Ndolo azungushe pedali. Wote tulisikia ule ukucha ukigonga. Yeye hakuusikia.

"Gia haina kosa, Magan," alisema. "Skrubu imelegea, na ni mimi niliyeipitisha. Sikio langu limekufa."

Alitueleza kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akitazama nyuso zetu ili ajue kama gia inanong'ona au inagonga. Siku ile alipoisikiliza baiskeli ya Qamar alikuwa peke yake. Wiki hiyo hiyo aliandika barua ya kustaafu, na tangu hapo hajapitisha baiskeli hata moja; amekuwa akimfundisha Ndolo.

Jumamosi iliyopita Qamar alirudi. Baiskeli ni ile ile, na seti mpya aliyoileta ni ya gredi ile ile. Hakutaka fundi mwingine aifunge. Mukhwana alifanya kazi asubuhi nzima, akaitundika, kisha akarudi nyuma hatua moja. Qamar alifumba macho, akazungusha pedali kwa mkono wa upande ule aliovunjika. Mzee wetu alimkazia macho usoni, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Inanong'ona, mzee," alisema Qamar, kisha akakumbuka kwamba huenda hakumsikia, akaitikia kwa kichwa polepole ili amwone.

Fundi, ahsante kwa miaka yako, na kwa siku ile uliyotuambia ukweli sisi tukiwa tayari kuuficha. Uende salama kwa mkeo, mama Nabiswa, na wajukuu, na siku zako za kupumzika ziwe njema. Ndoano yako haitaondolewa ukutani. Ila tumekubaliana kwamba kuanzia sasa, kila baiskeli itasikilizwa na watu wawili.