Matumbawe Yaliyozaa Lushebere

Mheshimiwa Administrateur wa Territoire, Papa Chef wa groupement na wazee uliofuatana nao, mon Père, paroko wetu, Bwana Inspecteur, Papa Kasika, mfadhili wetu, ambaye kofia yako ya leo inanizuia kuwaona walioketi nyuma yako, walimu wenzangu, bamama na bapapa wa Lushebere, mliozaliwa hapa na mliokimbilia hapa, na ninyi wanafunzi mliopanda ukuta ingawa nilikataza: nawasalimu wote kwa heshima na kwa furaha.

Nimeombwa nitumie Kiswahili safi kwa sababu ya wakubwa waliopo. Nitajitahidi. Lakini mimi ni préfète, mkuu wa shule wa Masisi, si mtangazaji wa redio, na nikipata moto, kile cha kwetu kitatoka chenyewe. Mtanisamehe.

Tumekusanyika kumuaga Mama Pétronille, mwalimu wetu wa biologie, anayestaafu na kurudi kwao Butembo. Mimi siwezi kumuaga bila kueleza habari ya bahari tuliyonayo ndani ya stoo ya maharagwe. Wengine wenu mmeiona kwa macho. Wengine mmesikia tu barabarani kwamba shule yetu, institut ya Lushebere, inafuga mawe, na mkatuhurumia.

Si mawe, ndugu zangu. Ni matumbawe. Tumbawe ni mnyama wa baharini anayejijengea nyumba ngumu na kukaa humo na ndugu zake, mdomo kwa mdomo, maisha yake yote. Mama Pétronille alikuwa amefundisha habari za mnyama huyo miaka na miaka, akimchora ubaoni kwa chaki, na siku moja alikuja ofisini kwangu amekasirika. Akaniambia, "Mama Préfète, mimi niko nafundisha kitu sijawahi kuona. Nikichora ndizi, batoto banaweza kunisahihisha. Nikichora ile munyama ya bahari, nani atajua kama ninadanganya?"

Wakati huo Bwana Inspecteur alikuwa ameshatuonya: section ya chimie-biologie isiyo na laboratoire, yaani maabara, itafungwa. Na sisi laboratoire yetu ilikuwa nini? Meza moja, chupa za siki, na mifupa ya mbuzi. Section ikifungwa, wasichana wetu waende wapi? Goma, ambako mzazi hana pa kumlaza mtoto? Ama warudi nyumbani wakasubiri kuposwa?

Basi Mama Pétronille akamwendea Papa Kasika. Papa, unakumbuka? Wewe ulitaka kutununulia rangi ya kupaka ukuta wa mbele, ule unaoonekana barabarani. Yeye akakuambia rangi ingoje, anataka mnyama wa bahari. Ukacheka mpaka ukashika nguzo. Halafu ukamtafuta mfugaji kule Kampala, ukalipa, ukachukua karatasi zote zenye mihuri, ukayaleta matumbawe ndani ya lori lako, katika ndoo iliyofungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Dereva wako alitusimulia kwamba pale mpakani waliuliza ndoo imebeba nini, naye akajibu, "Ni wanafunzi wapya wa Lushebere." Wakamwacha apite.

Sasa sikilizeni akili ya mwalimu huyu. Matumbawe mengi hutaka mwanga mkali mchana kutwa, maana ndani ya miili yao huishi vitu vidogo vya kijani vinavyowapikia chakula kwa jua. Taa za kutoa mwanga huo hula umeme kama kinu cha mahindi. Umeme wa Lushebere mnaujua. Mama Pétronille akachagua wa aina nyingine, wale wanaoishi chini ya miamba na mapangoni, wasiotegemea mwanga hata kidogo. Hao ni wa rangi ya mawese, na chakula chao huletwa na maji. Hawataki taa. Wanataka maji safi yenye chumvi ya namna ya bahari, maji yasiyosimama, na mtu wa kuwalisha kinywa kimoja kimoja.

Kwa hiyo akaomba stoo isiyo na dirisha. Akakinga maji ya mvua kwenye bati, akayachuja, akayachanganya na ile chumvi ya pekee, akapima na kupima tena, akayamimina ndani ya tangi la kioo. Akaweka panneau moja ya umeme wa jua juu ya paa, batterie moja chini, na pompe ndogo ya kuyazungusha maji. Akasaga sambaza, vile visamaki vya ziwani vya Minova, zikawa laini kama uji wa mtoto, akazivuta kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, akakaa gizani na kitochi alichofunika karatasi nyekundu, akingoja. Vile vidomo vikafunguka vyote, vikatoa vidole vya njano. Niliona mwanamke mzima, mwenye miwani na cheo, anapiga vigelegele stoo.

Lakini sisi watu wa hapa tuna shida moja: hatujui kumwacha mgeni bila kumpa kitu. Mwanafunzi akipita, anatupia kipande. Mpishi akipita, anadondosha bugali. Mon Père, wewe pia ulipita, na sisemi ulitupia nini. Kila mtu alidhani yeye ndiye wa kwanza kuwakumbuka. Baada ya siku chache maji yakawa meupe, yakanuka, na matumbawe yakajifunga kama mtu aliyenuna. Mama Pétronille alilia. Kisha akafuta machozi, akabadilisha maji kidogo kidogo ili wasishtuke, akabandika karatasi mlangoni: WAGENI WAMEKWISHA KULA. MUNGU AWABARIKI. Tangu siku hiyo hakuna aliyetupia kitu, maana nani atamlisha kwa nguvu mgeni aliyeshiba?

Hiyo ilikuwa shida ya kucheka. Sasa nasema ile nyingine.

Ule mwaka wa 2012, Goma ilipoanguka, barabara ya Sake ilifungwa. Chumvi haikupanda, sambaza hazikupanda. Madarasa yetu yakajaa watu waliokimbia milima. Kwenye mabenchi walilala watoto. Na wenye bunduki wakaja shuleni. Siwataji, kila mmoja wetu anawajua wa kwake. Walichukua panneau, wakachukua batterie. Pompe ikanyamaza.

Jamani, mnajua maji yakisimama mnyama huyu anapata nini? Anakosa hewa, anakosa chakula, anaanza kuoza upande mmoja na kuambukiza mwingine. Barabara ikifunguka, Inspecteur anapanda. Akikuta kioo chenye mawe yaliyokufa, section imekwisha. Mama Pétronille alikuwa anajua hivyo vizuri kuliko sisi wote. Alikaa pale stoo akikoroga maji kwa mwiko, mkono ukichoka anabadilisha mkono.

Asubuhi moja akasikia uani mlio anaoujua kila mtu wa Masisi: kibuyu cha kusukia maziwa, kinasukwa mapajani, chwa, chwa, chwa. Ni Mama Mukantabana. Alikuwa amekimbia na ng'ombe mmoja tu aliyebaki, na kibuyu chake. Mama Pétronille akatoka mbio na mikono inayochuruzika maji ya chumvi, akamwambia, "Mama, uje unisaidie. Mimi niko na maji inataka kusukwa."

Mama Mukantabana alimwangalia vizuri. Akamjibu, na mimi nilikuwa nimesimama pale, "Batoto bako na njaa humu ndani, na wewe unaniita nisaidie kulisha jiwe?"

Lilikuwa swali la haki, na mpaka leo nasema lilikuwa la haki. Mama Pétronille hakukasirika. Akamwambia, "Chakula yao yote haiwezi kushibisha hata kifaranga. Lakini hizi zikikufa, batafunga section. Mutoto wako Uwitonze iko mu section ya nani?"

Uwitonze alikuwa mwaka wa tano, wa kwanza darasani. Mama yake alimaliza kusuka siagi yake, kwa sababu siagi haiachwi katikati, akawagawia watoto wa darasa lile alilolala. Kisha akanawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko, maana aliambiwa mafuta yataua, na akasema, "Nipeni bidon mupya. Hii kibuyu yangu iko na mafuta, itabaharibu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wanachota maji ya kioo, wanajaza bidon, lile dumu la plastiki, nusu, wanaisuka mapajani mpaka maji yajae hewa, wanayamimina kutoka juu kupitia kitambaa safi, yanaanguka na kuzungusha yale ya chini. Akichoka mmoja, anapokea mwingine. Alisuka Mhunde, alisuka Mnande, alisuka Mhutu, alisuka Mtutsi, alisuka na Mtembo mmoja kutoka Walikale aliyesema mikono yetu ni laini. Waliimba nyimbo za kusukia maziwa. Mama mmoja alifungua fundo la kitenge chake, akatoa sambaza kavu alizokuwa anazificha, akabana kiasi cha ncha ya vidole. Mimi sijaona zawadi kubwa kuliko hiyo, na nimepokea wageni wa mashirika mengi.

Mbunge hakuwepo. Shirika halikuwepo. Bamama wa hapa njo waliokoa section ya watoto wao! Mnasikia, Mheshimiwa? Naona nimepata moto.

Barabara ilipofunguka, Bwana Inspecteur alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliinama kwenye kioo gizani. Vidomo vikafunguka. Akauliza kwa sauti ya kanisani, "Inakula?" Na section ikabaki.

Wiki ile ile Mama Pétronille aliniita. "Mama Préfète, kuja uone." Juu ya kioo, mahali ambapo hatukubandika kitu, kulikuwa na vidoa vya rangi ya mawese, vidogo kama mbegu ya nyanya. Akanieleza kwamba tumbawe la namna hii likipata taabu kubwa huachilia watoto wake majini, kila mmoja atafute pa kushika. Walikuwa wameshika Lushebere. Leo wamekuwa wakubwa, wana vidomo vyao, na wanagombana juu ya chakula kama wanafunzi wa bweni.

Mama Pétronille, huo ndio ujasiri wako, nao unatupa fahari mbele ya Kivu yote. Umefundisha bahari juu ya mlima. Nenda Butembo ukapumzike. Ukishindwa kupumzika, na tunajua utashindwa, tuma salamu.

Limebaki jambo moja, na silipeleki chumbani, nalisema hapa. Papa Kasika, uliniomba kioo kishuke kwenye hoteli yako ya Goma, kwa sababu Mama anaondoka, na vita haiishi, na nani mwenye diplôme atakubali kupanda huku? Ombi lako ni la mtu anayependa, si la mtu anayenyang'anya. Niliona una haki, kwa sababu nilitafuta mwalimu kila mahali. Mmoja aliniuliza kama kuna umeme. Wa pili aliniuliza kama kuna wenye bunduki. Wa tatu hakuuliza kitu, hakurudi.

Mmoja tu ndiye aliyeandika mwenyewe kuomba kazi hii. Amemaliza licence, yaani digrii, ya biologie kule Bukavu, wa kwanza kutoka section yetu. Jina lake ni Uwitonze, binti wa Mama Mukantabana.

Na baadhi yenu mlikuja mlangoni kwangu. Mkaniambia kwa upole, "Mama Préfète, ule mutoto si wa hapa." Sikuwajibu siku ile. Nawajibu leo mbele ya watu. Usiku na mchana mama yake alipokuwa anasuka maji yale ili binti zenu wasikose shule, nani kati yenu alisimama kumuuliza ametoka wapi? Binti zenu ni manesi leo, ni walimu, mmoja anapima maji pale Sake. Wamesoma kwa mikono ya nani?

Kwa hiyo, Papa Kasika, jibu langu ni hapana. Tutakukatia kipande, utakiweka kwenye hoteli yako, na wageni wakiuliza, utawaambia kimetoka Masisi. Barua ya kazi imesainiwa asubuhi ya leo.

Nawashukuru wote mlionitegea sikio, hata wa ukutani. Mwalimu Uwitonze, simama watu wakuone. Uko kwenu.