Venansi Nduwimana, Fundi wa Usukani wa Mkono Mmoja (1976–2025)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kanyenye mliokula vumbi hadi kufika hapa Ulyankulu, na ninyi watani ambao leo mmekuwa wapole kupita kawaida: haya ni maisha ya Venansi Nduwimana kama yalivyoandikwa na mdogo wake, Irankunda, ambaye ndiye anayesoma. Akinyamaza katikati, msimharakishe. Ataendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 hapa hapa Ulyankulu, mtoto wa pili wa mzee Adriano na Mama Pelagia, ambao wote wametangulia mbele za haki. Wazazi hao walifika mwaka 1972 wakikimbia Burundi, na walichobeba ni jembe, sufuria na blanketi moja. Venansi alizaliwa wakati wa kuchambua tumbaku, na mama alirudi bandani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Alibatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara akiwa darasa la sita.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990. Haitakuwa haki kusema alikuwa wa kwanza darasani, maana waliosoma naye wamekaa mstari wa pili pale na wataguna. Sifa yake ilikuwa magari ya waya. Kila mtoto alikuwa na lake, akilisukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu, lakini la Venansi lilikata kona kali huku ya wenzake yakizunguka mbali kama ng'ombe wa kukokota. Siku moja baba alimkuta amekunja upya waya wa mbele wa gari la mdogo wake bila ruhusa, mdogo mtu analia. Baba akamuuliza kwa nini anaharibu kitu cha mwenzake. Akajibu, "Baba, lilikuwa linachelewa kusikia." Alichapwa. Gari, hata hivyo, lilisikia vizuri baada ya hapo, na mwenye gari anakiri leo mbele yenu.

Mwaka 1994 alikwenda Tabora mjini kutafuta kazi. Miaka ile mtu wa makazi ya wakimbizi hakutoka bila kibali, na cha Venansi kilikuwa kimekwisha muda. Alisimamishwa na askari Kanyenye, nje ya gereji ya Majidi Nassibu, Mnyamwezi mwenye magari mengi mabovu na maneno mengi mazima. Majidi hakumjua kabisa kijana yule. Alitoka na spana mkononi akasema, "Afande, huyo niachie, ni mtani wangu." Askari akauliza tangu lini Mrundi akawa mtani wa Mnyamwezi. Majidi akasema, "Babu zangu walibeba mizigo ya misafara hadi pwani, wakapata watani kila kituo. Mimi nimekaa tu gereji, acha nipate huyu mmoja." Askari alicheka, na kucheka kwake kulimwokoa kaka. Majidi alishughulikia kibali kipya, akampa Venansi ovaroli, na kuanzia siku ile watu hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kistaarabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Venansi aliinama mvunguni mwa magari kwa miaka thelathini. Alijifunza injini kama mafundi wengine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye usukani. Alisema injini ikifa, gari litasimama na watu watashuka. Usukani ukifa, gari haliwasubiri washuke. Kwa hiyo hakuruhusu chuma chochote cha usukani kichomelewe, hata mteja alie. Wateja walienda kwingine wakimtukana, kisha wengi wao wakarudi kimyakimya. Mwaka 2014 alipokea cheti chake cha uraia. Majidi alikitazama sana, akasema picha imetoka vibaya na Serikali ingekataa.

Tarehe 22 Novemba 2003 alifunga ndoa takatifu na Rustika, binti wa Urambo, mkulima wa karanga na mwimbaji wa sauti ya pili. Mwaka 2005 Mungu aliwajalia mapacha. Ndugu wa Ulyankulu tulikuwa tumeandaa majina ya kwetu, lakini wanawake wa Kanyenye walishawaita Kulwa na Doto kabla ya jioni, na kwa majina hayo wakabatizwa. Venansi hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, ingawa alimletea grisi mezani kila siku ya Mungu.

Sasa tufike kwenye gari, maana hatuwezi kumzika Venansi tukalikwepa.

Majidi alirithi kwa baba yake Datsun ya mwaka 1973, gari la mbio la milango miwili, fupi kwa kimo na refu kwa pua. Aliipenda kwa namna ambayo wake zake wamemsamehe. Kila Ijumaa baada ya swala aliitoa, akaipeleka polepole hadi barabara ya Igalula, kisha si polepole tena. Julai 2021 aligongwa na bodaboda. Bega la kushoto liliharibika mishipa, na mkono ukabaki unaning'inia bila kazi. Miguu ilikuwa mizima, kichwa kilikuwa kizima, ulimi mzima zaidi. Lakini hakuweza kuendesha. Usukani wa gari lile ulihitaji kuzungushwa mara nyingi kwa kona moja, na mwenye mkono mmoja lazima auachie ndipo aushike tena. Ukiuachia kwenye kona, unarudi mwenyewe. Majidi aliifunika Datsun kwa turubai, akaacha kuja gereji, na akaanza jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwake: kunyamaza.

Venansi hakuvumilia. Alitaka usukani uwe mwepesi wa kusikia, mkono mmoja ukae palepale ulipo, ugeuke kidogo tu na magurudumu yageuke sana. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna mkono mfupi wa chuma unaosukumwa na usukani. Ukiwa mfupi zaidi, gurudumu linageuka haraka zaidi. Hakukata wala hakuchomelea. Alitafuta mikono mifupi mizima kutoka gari jingine, akaifunga. Machi 2023 walitoka wawili kujaribu. Majidi alishika usukani, na kwa kuwa kijiti cha gia kiko upande wa mkono uliokufa, Venansi alikaa kushoto akimbadilishia. Majidi akikanyaga klachi anaita, "Mbili!" na Venansi anaweka mbili. Askari wa usalama barabarani waliopo hapa tunawaomba wasisikilize sehemu hii.

Gari lilisikia kupita kiasi. Ukipiga chafya, umeshaingia dukani kwa mtu. Na kosa ambalo fundi wetu alilikiri hadharani ni kwamba usukani wa haraka huwa mzito, naye alikuwa ameupima kwa mikono yake miwili ya kifundi. Mkono mmoja wa mzee wa miaka sitini haukuuweza. Karibu na Igalula waliingia kwenye majaruba ya mpunga, wakatoka wamelowa hadi kiunoni, wazima wote. Mwenye shamba alidai kwanza wamwambie walikuwa wanakimbilia wapi.

Kicheko kiliishia hapo. Sadiki, mwanawe Majidi, alichukua funguo, kwa heshima, akasema, "Baba mdogo, shikamoo, lakini utaniulia mzazi." Rustika naye alimwambia mumewe, "Mimi gari lile sipandi hata nikiwa maiti." Majidi hakumlaumu mtu. Alirudi ndani, akakaa. Venansi alikuwa akimpelekea matusi ya utani mlangoni kila jioni, na kila jioni anajibiwa, "Asante, Venansi." Alirudi nyumbani siku moja akamwambia mkewe, "Ameniita kwa jina langu," na hapo Rustika alimwona mumewe akilia kwa mara ya kwanza.

Aprili 2024 Venansi alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Alitibiwa Tabora, kisha Mwanza, ambako iligundulika kuwa ana saratani ya ini. Madaktari walifanya walichoweza, nasi tunawashukuru. Aliporudi hakuuliza habari ya dawa. Aliuliza kama ile Vitz ya mteja iliyopinduka na kuachwa gereji imeshauzwa vipuri. Vitz ina mota ndogo ya umeme chini ya usukani, inayomsaidia dereva kusukuma. Aliitaka hiyo. Kwa miezi mingi, siku alizoweza kusimama, alikuwa akiihamishia kwenye Datsun, na siku alizoshindwa alilala kwenye mkeka kando ya gari akawaelekeza wanawe. Watu walimwambia apumzike. Dada yake alimwambia pia, kwa ukali, na angemwambia tena. Alijibu, "Irankunda, mimi naondoka. Yule nimwache amekaa ndani?"

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani wakati ule: kumwona Majidi kwenye usukani.

Jumapili tarehe 2 Februari 2025, Sadiki mwenyewe alipokwisha kuijaribu kwa mkono mmoja na kuridhika, aliondoa turubai na kurudisha funguo. Majidi alisimama mlangoni akasema hawezi. Venansi aliyekuwa amebebwa kitini, amevikwa shuka, alisema, "Sawa. Nitawaambia walioko huko niendako kwamba Mnyamwezi ameogopa kigari." Majidi akamtazama. Akasema, "Mrundi, hata kufa umechelewa." Basi tukajua amerudi. Walitoka wawili wale, mmoja akiita na mwingine akibadili, kwenda na kurudi barabara ya Igalula. Mpunga wa watu ulisalimika. Waliporudi, Venansi hakuwa na nguvu ya kushuka. Akiwa bado kitini pale, akamwambia mwenzake, "Steringi nimemaliza, mtani. Gia sijakupatia mtu."

Alifariki Alhamisi tarehe 20 Februari, nyumbani kwake Kanyenye, baada ya kupokea sakramenti ya mpako wa wagonjwa, akiwa mikononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Sisi ndugu zake tumeumia, na hatutasema kwamba tumezoea.

Ameacha watoto wawili, Kulwa na Doto; kaka mmoja; mdogo wake anayesoma; na mtani wake Majidi, ambaye tumemwandika kwenye orodha ya ndugu bila kumwomba ruhusa.

Ameacha pia mjane, Rustika. Asubuhi ya leo, jeneza lilipopakiwa, wazee walimpandisha gari la mbele akae karibu na mumewe, kama ilivyo desturi. Msafara ulikuwa tayari. Nyuma kabisa Majidi alikuwa ameketi ndani ya Datsun, injini inaunguruma, mkono wake mmoja kwenye usukani, na gari haliendi. Sadiki alimsihi ashuke, apande na wengine. Hakushuka. Rustika aligeuka akamwona. Alishuka kutoka kwenye gari la jeneza, wazee wakiita jina lake, akatembea hadi nyuma, akafungua mlango wa kushoto, akakaa.

"Shemeji," akamwambia, "nionyeshe moja iko wapi."

Majidi akasema, "Kushoto, mbele." Na kutoka Kanyenye hadi hapa kaburini, gia zote amebadilisha Rustika.

Venansi, gia imepata mtu. Lala sasa, kaka, na Mungu akupe amani yake.