Binti wa Dobi na Mabomu ya Sumu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Mimi ni kinyozi wa jirani. Wateja wakiadimika, nipo hapo na kikombe changu cha kahawa. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne: mimi, Fundi, Dobi, na Kamusi, karani mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Dobi hakuwa amegusa kahawa yake. Binti yake, mkemia, alikuwa kwenye ghala la zamani la jeshi nje ya mji, na leo ndiyo siku ya kufungua bomu la kwanza kati ya yale ya gesi ya sumu yaliyolala humo miaka nenda miaka rudi. Simu ya binti ilikuwa imezimwa tangu saa moja. Sasa ilikuwa saa tano.

— Kunywa, Dobi, — Fundi akamwambia. — Kahawa inapoa, na wewe unapoa nayo.

— Sina hamu.

Kamusi akatukonyeza. Tukajua kazi yetu: kumchangamsha mzee mwenzetu.

— Mimi ningewashauri wayafukie, — Kamusi akaanza. — Shimo refu, zege juu, kwisha habari.

— Halafu mjukuu wako aje achimbe kisima hapohapo! — Fundi akamdaka. — Choma moto.

— Uchome gesi? Moshi wake uende kwa nani, kwa mkweo?

— Maziwa, — nikasema mimi. — Mama alikuwa akituambia maziwa yanakata sumu yoyote.

— Kinyozi, hao ng'ombe utawatoa wapi?

— Basi yatiwe kwenye roketi, — akasema Kamusi, — yarushwe juani.

— Na roketi ikirudi?

— Itarudi imeiva.

Dobi akacheka puani, kidogo tu.

— Nyie hamjui kufua, — akasema. — Uchafu haurushwi. Unavunjwavunjwa. Mwanangu alinieleza tukiosha vyombo. Mashine inatoboa bomu ndani ya chumba kilichofungwa kabisa. Sumu inaingia kwenye tangi la maji ya moto yenye magadi makali, yale ya viwanda vya sabuni. Inakorogwa kwa saa kadhaa mpaka ikatike vipande, isiwe tena ile ya kuua. Wanapima. Wanapima tena. Na maji yanayobaki bado machafu, nayo yana safari yake ya kusafishwa.

— Kumbe ni udobi! — akasema Fundi. — Amerithi kwako.

— Nilimkataza, — Dobi akajibu polepole. — Nikamwambia kazi zimejaa, kwa nini hiyo? Akasema, “Baba, si lazima awepo wa kuyaondoa?” Nikamnunia siku tatu. Leo ametoka, nami nimejifanya nimelala.

Kamusi akasogea mpaka mabega yao yakagusana.

Simu ikalia. Dobi akaikamata, ikamponyoka. Fundi akaiokota, akaibonyeza, akamwekea mwenyewe sikioni.

— Baba? La kwanza tumemaliza. Vipimo viko safi. Nina njaa hiyo!

— Njoo nyumbani, mama. Leo napika mimi.

Dobi akaitia simu mfukoni. Akajifuta uso kwa kiganja, sisi tukajitia kuangalia viatu vya watu.

— Si nilisema? — akadakia Kamusi.

— Ulisema roketi!

Tulikuwa tunacheka hivyo mama mmoja tusiyemjua alipofika na kiatu kilichokatika mkanda.

— Za hapa, baba zangu? Mbona furaha?

Tukamsimulia yote, tukimkatiza Dobi kila neno. Alisikiliza amesimama kwa mguu mmoja.

— Mungu amtunze binti, — akasema. — Na hayo mabomu, yalipotengenezwa, yalikuwa ya kumuua nani?

Fundi akamtazama Kamusi. Kamusi, kwa mara ya kwanza, akasema hilo halijui. Dobi, aliyekwisha kusimama kuelekea sokoni, akakaa tena.

Fundi akapokea kiatu, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona.